Inakubali Kamera Zote, Bosi Wangu

Msimu wa harusi ukianza kunukia, mpiga picha mpya hana muda wa kusoma. Kamera anayo, kazi ya Jumamosi ameshaipata, na advansi imeshalipa kodi ya chumba. Kimebaki kitu kimoja, flashi. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yake, ili anunue upesi, kwa bei ya kutamba nayo, na matokeo ayaone ukumbini mbele ya kamati nzima ya harusi.

Nenda Kariakoo, lakini kamera iache nyumbani. Ukiwa nayo utashawishika kuijaribu flashi hapo hapo kaunta, na kujaribu ni kumvunjia mtu heshima dukani kwake. Wewe uliza tu, "Kaka, hii inakubali Canon?" Atakujibu hujamaliza swali, "Inakubali zote, bosi wangu." Wala hajasema uongo wote. Kile kikalio cha chuma juu ya kamera, pale flashi inapochomekwa, kimewekewa kipimo cha kimataifa, ISO 518. Flashi ya Nikon itaingia kwenye Canon bila kugoma. Mara nyingi itawaka pia, maana kidoti kikubwa cha katikati, kinachotoa amri ya kuwaka, ni cha wote. Ubaguzi uko kwenye vile vidoti vidogo vinavyokizunguka. Canon amevipanga kivyake na anazungumza navyo lugha yake ya kupima mwanga, E-TTL, Nikon ana i-TTL yake, na hakuna mkalimani. Flashi isiyoelewa itawaka tu, na wewe utaamini kwamba imepima.

Herufi ya mwisho kwenye jina usiisome. Godox TT685C ni ya Canon, TT685N ya Nikon, TT685S ya Sony. Maboksi yanafanana, na kijana wa stoo ana haki ya kuvuta lililo juu. Mwenye Sony ndiye mwenye bahati kuliko wote, kwa sababu anaweza kukosea hata ndani ya Sony. Kampuni hiyo ilirithi kikalio cha Minolta cha mwaka 1988, ikakaa nacho hadi ilipoanza kukibadilisha mwaka 2012. Flashi ya Sony ya mtumba inaweza kabisa kukataa kuingia kwenye kamera ya Sony.

Na kama umenunua Canon 4000D iliyotoka mwaka 2018, au 250D ya mwaka uliofuata, nakupongeza. Canon wenyewe walikiondoa kile kidoti cha katikati. Flashi ya bei nafuu inayokitegemea hicho tu itakaa juu ya kamera kimya kabisa. Yule mwenzako mkorofi, anayeingia dukani na kamera shingoni, angekichungulia kikalio kwanza kabla ya kuuliza bei. Ndiyo maana wauzaji hawampendi.

Sasa nguvu. Kwenye boksi kuna namba, tuseme 58, wewe tafuta kubwa kuliko zote. Usiulize imepatikanaje. Ni umbali kwa mita ukizidisha kwa tundu la lenzi, usikivu wa kamera ukiwa ISO 100. Ukigawa 58 kwa f/5.6 unapata mita kumi na kidogo. Mtengenezaji ameipima huku kichwa cha flashi kimevutwa hadi 105mm, mwanga umebanwa sehemu ndogo. Wengine wanaivuta hadi 200mm, ndiyo sababu namba zao zinapendeza zaidi. Kirudishe kichwa hadi 24mm, ili mwanga uenee meza yote ya wakwe, na namba inashuka hadi karibu nusu. Kupandisha ISO kutoka 100 hadi 400 kunaongeza umbali wa flashi mara mbili bila senti tano, lakini hiyo haina risiti ya kuonyesha watu.

Mjomba akikuletea Vivitar 283 aliyofanyia kazi studio enzi za filamu, ipokee kwa mikono miwili na uichomeke siku hiyo hiyo. Baadhi ya zile za zamani hupitisha volti zaidi ya 200 kwenye kidoti, na kuna kamera za dijitali za Canon zilizotajiwa kikomo cha volti 6. Fundi redio wa mtaani ana mita na angekupimia kwa dakika moja. Usimsumbue, ana kazi nyingi.

Tukija kwenye swali linalowatenga marafiki, yaani ununue ya TTL inayojipimia au ya manyuo unayoipangia nguvu mwenyewe, jibu ni rahisi: nunua ya bei kubwa zaidi, na kama huna hela, kopa. Pesa ya flashi moja ya juu ya Canon inanunua Godox TT600 tano za manyuo na nauli ya kurudi, na hilo pekee linaonyesha ipi ni bora. Kisha iache TTL ifanye kazi. Ukimsogelea bibi harusi na shela lake, inaona weupe mwingi na kupunguza mwanga, bibi harusi anatoka kijivu. Ukigeukia bwana harusi mwenye suti nyeusi, inaongeza, na uso wake unakuwa mweupe kuliko shela. Wamesimama mahali pamoja, dakika ile ile. Mwenzako mkorofi, wakati wa kukata keki, anajua keki haitembei. Anaweka manyuo yake 1/8 ya nguvu, anapiga moja, anatazama, anasogeza kidogo, basi picha zote zilizobaki zinafanana. TTL anaihitaji maharusi wanapoingia wakicheza, MC anapiga kelele, na umbali unabadilika kila hatua. Hapo, lazima nikiri kwa uchungu, inastahili pesa yake. Lakini wewe utakuwa umeiwasha muda wote, kuanzia sala hadi vinywaji.

Spidi ya kamera iweke 1/1000, kwa kuwa spidi ni sifa. Kamera nyingi zinakubaliana na flashi ya kawaida hadi 1/200 au 1/250 hivi. Ukizidisha, pazia la ndani linakuwa limeanza kufunga flashi inapowaka, na sehemu ya picha inatoka nyeusi. Waambie wateja waliokatwa miguu kwamba umeacha nafasi ya maandishi.

Betri nunua getini, za redio, nne kwa bei ya soda. Zile za kuchaji za NiMH zimeandikwa volti 1.2 na za redio 1.5, na mtu aliyesoma hesabu anajua ipi kubwa. Kwamba za kuchaji hutoa umeme kwa kasi zaidi, flashi ikajaa tena ndani ya sekunde tatu hivi, ni habari za wasio na subira. Za redio zitakupa nafasi ya kupumzika. Utapata kisu kikishuka kwenye keki. Kulishana utakuta kumeisha.

Mwisho, umesikia kwamba flashi haipigwi usoni, hasa kwenye ngozi nyeusi yenye jasho la Februari, maana paji la uso linang'aa hadi sura inapotea. Unageuza kichwa juu, mwanga unagonga dari na kurudi laini. Ushauri mzuri kwa sebule yenye jipsamu nyeupe, kwa hiyo wewe utumie ndani ya tenti lililofungwa vitambaa vya zambarau. Mwanga utarudi na rangi ya kitambaa: shela la zambarau, wazee wa zambarau, pilau la zambarau. Mwenzako atakuwa amefunga kipande cha manila nyeupe nyuma ya flashi kwa mpira wa noti, na watu watamcheka. Wewe ukifika nyumbani usihangaike kurekebisha. Albamu yote igeuze nyeusi na nyeupe, mpelekee mama wa bibi harusi, mwambie huu ni mtindo wa sanaa na unaongezewa elfu hamsini.