Noti Mpya, Njaa ya Zamani: Barua ya Mlaji kutoka Osaka

Katika mji wa Osaka, magharibi mwa Japani, noti ya yeni 1,000 ni ya aina mbili, na anayeamua ipi ni fedha na ipi ni karatasi si benki bali ni mashine iliyosimama mlangoni mwa mgahawa. Noti mpya, iliyoanza kutumika Julai 2024, ina picha ya Kitasato Shibasaburo, mmoja wa waliotambua bakteria wa tauni mwaka 1894. Ya zamani, iliyotoka mwaka 2004, ina picha ya Noguchi Hideyo, mtafiti aliyeanzia kazi katika taasisi iliyoongozwa na Kitasato huyohuyo, na ambaye alifariki Accra mwaka 1928 kwa homa ya manjano aliyokuwa akiichunguza. Migahawa mikubwa ilizirekebisha mashine zake mapema, lakini ile midogo ya vichochoroni, ambayo ndiyo hasa wenyeji huipenda, iliona kwamba kununua mashine mpya kwa ajili ya sura mpya ni kuuza ng'ombe ili kununua kamba, na kwa hiyo baadhi yake imebaki na mashine zinazompokea mwanafunzi na kumtema mwalimu. Ndugu walioko Tanga, wanaojua jinsi konda anavyoigeuzageuza noti iliyochakaa kabla ya kuikataa, watalielewa jambo hili kwa urahisi, mradi tu wakumbuke kwamba huku inayokataliwa ni noti inayometameta, na inayotakiwa ni ile iliyokwisha kukunjwa mara mia. Mwandishi wa barua hii, ambaye alibadilisha fedha zake zote uwanja wa ndege na kupewa noti mpya tupu, aliishi siku zake za kwanza mjini humo akiwa tajiri mwenye njaa.

Mashine yenyewe huitwa shokkenki, neno lenye maana ya kitu kinachouza tikiti za chakula, na inastahili kuelezwa kwa kirefu kwa sababu imepindua utaratibu mzima wa kula unaofahamika Ngamiani, mtaa wa Tanga. Mteja hutumbukiza fedha kabla hajanusa chochote, hubonyeza kitufe, hupokea kikaratasi kidogo kuliko tikiti ya daladala, kisha humkabidhi mpishi kikaratasi hicho bila maneno, na mpishi, ambaye mikono yake haigusi fedha hata kidogo, huanza kazi. Hakuna kukopa, hakuna kupunguziwa, hakuna kuambiwa "utalipa kesho, mwanangu", wala hakuna ile hesabu ya mwisho ambapo mama ntilie humwuliza mlaji amekula chapati ngapi na mlaji, kwa heshima ya Mungu na ya majirani wanaosikiliza, hutaja idadi inayokaribia ukweli. Mashine haihitaji kumwamini mtu, kwa kuwa imekwisha kulipwa. Na mwandishi, ambaye ana deni la maharage barabara ya 12 tangu kabla ya safari, hana budi kukiri kwamba utaratibu huo ungemwokoa na aibu nyingi.

Ugumu mkubwa hata hivyo hauko kwenye fedha bali kwenye vitufe. Mashine ya kawaida ina vitufe vingi vilivyopangwa safu kwa safu, kila kimoja kikiwa na maandishi ya Kijapani, lugha inayochanganya mifumo mitatu ya herufi katika sentensi moja, na nyuma ya mlaji anayeyasoma hujipanga watu wenye saa moja tu ya mapumziko, ambao hawasemi neno lolote, na ukimya wao unasikika. Katika hali hiyo mgeni huinua simu yake, huielekeza kamera kwenye vitufe, na programu ya tafsiri humpa orodha ya vyakula. Orodha aliyoipata mwandishi ilikuwa hii: Mbweha, Mzazi na Mtoto, Watu Wasiojuana, Kutazama Mwezi. Mtu aliyelelewa Tanga akatarajiwa kujua kula, na ambaye hujigamba kwamba hakuna sahani iliyomshinda tangu utotoni, alisoma orodha hiyo mara mbili akarudi nyuma ya foleni.

Ukweli ni kwamba tafsiri hizo zote zilikuwa sahihi. Udon ni tambi nene za ngano zinazoliwa ndani ya mchuzi mwepesi wa mwani na samaki mkavu, na udon ya mbweha, ambayo Osaka hujivunia kuwa ndiyo chimbuko lake, haina nyama ya mnyama yeyote, bali imefunikwa kipande cha tofu iliyokaangwa, yaani maziwa ya soya yaliyogandishwa, kwa kuwa simulizi za Wajapani zinadai kwamba mbweha hupenda sana tofu ya namna hiyo. Mzazi na Mtoto ni bakuli la wali lenye kuku na yai juu yake, jina ambalo ukilifikiri kwa muda mrefu linaondoa hamu ya kula. Na Watu Wasiojuana ni bakuli hilohilo, ila badala ya kuku pamewekwa nyama nyingine, ambayo hapa Osaka kwa kawaida ni ya ng'ombe, kwa hoja isiyopingika kwamba ng'ombe na yai hawana undugu.

Kutazama Mwezi ndicho kitufe alichokibonyeza mwandishi, kwa sababu ndicho pekee kilichomkumbusha nyumbani. Kwa watu wa pwani kutazama mwezi ni jambo la furaha, na pia la kugombana, kwani kila mwaka huwapo walioona na wasioona, na nyumba mbili za ukoo mmoja zikala Idi siku mbili tofauti. Kwa Mjapani, mwezi huo ni kiini cha yai bichi lililopasuliwa juu ya udon ya moto, na ute wake mweupe ndio mawingu. Mwandishi aliutazama mwezi huo kwa muda, kama wazee wanavyoyatazama magharibi jioni ya siku ya ishirini na tisa, akatoa uamuzi kwamba haujaandama, lakini akaula.

Kabla ya hapo lilikuwa limetokea jambo jingine. Katika migahawa ya aina hii tikiti moja hutumika kwa udon au kwa soba, ambazo ni tambi nyembamba za kahawia, na mpishi anapoipokea humwuliza mlaji kwa kifupi anataka ipi kati ya hizo mbili. Mwandishi, ambaye Kijapani chake chote kilikuwa neno "hai", lenye maana ya "ndiyo", alijibu "hai". Mpishi akarudia swali taratibu zaidi. Akajibiwa "hai" kwa sauti ya adabu zaidi. Jibu la namna hiyo, kwa mtu aliyetakiwa kuchagua, halina msaada wowote, na foleni nzima ilingoja kwa subira huku mpishi akiamua mwenyewe. Shangazi wa mwandishi, ambaye siku hiyo alikuwa amepigiwa simu na kusahauliwa hewani ndani ya mfuko wa koti, alisikia mpwa wake akisema "hai, hai" katikati ya kelele za sufuria, akashukuru Mungu kwamba mtoto angali mzima.

Namna mgahawa huo ulivyopatikana nayo ina somo lake, kwa kuwa ilianza kwa kosa la kinadharia. Tanga ni mji wa baiskeli, na kila mkazi wake anajua kanuni kwamba pahala pazuri pa kula hutambuliwa saa saba mchana kwa idadi ya baiskeli zilizoegemezwa ukutani. Osaka nao ni mji wa baiskeli, na mwandishi, akiamini kwamba kanuni ya kweli huwa kweli kila mahali, alizifuata baiskeli nyingi kuliko alizopata kuziona mbele ya jengo moja, akaingia. Ndani palikuwa na safu ndefu za watu waliokaa kimya, kila mmoja akiikabili mashine yake inayopiga kelele na kuwakawaka taa, na kwa kuwa alikuwa amekwisha kujifunza kwamba Japani chakula huuzwa na mashine, alipita safu hadi safu akitafuta kitufe cha wali. Jengo hilo lilikuwa la pachinko, mchezo wa bahati nasibu unaochezwa kwa vipira vidogo vya chuma, na mhudumu aliyemwonyesha mlango wa kutokea alifanya hivyo kwa heshima ambayo ilizidisha fedheha.

Wenyeji wenyewe, wakitaka kula pahala wasipopajua, hutegemea alama. Tabelog, tovuti ya alama za migahawa iliyoanzishwa mwaka 2005, ina wapigaji alama wabahili kiasi kwamba mgahawa wenye 3.5 kati ya 5 huhesabiwa kuwa mzuri sana, na wenye 3.2 hauna sababu ya kuona haya. Aliyesoma Tanzania hawezi kuitazama 3.2 kwa macho hayo, kwa sababu ukiipiga hesabu ni asilimia 64, yaani C ya kidato cha nne, na nyumbani hakuna mzazi aliyewahi kumpeleka mgeni mahali penye C. Mwandishi alipoteza jioni tatu nzima akitafuta mgahawa wenye A.

Njia nyingine ni dirisha. Migahawa mingi huonyesha vyakula vyake kwa mifano ya plastiki iliyotengenezwa kwa ufundi wa ajabu, biashara ambayo Iwasaki Takizo aliianzisha hapahapa Osaka mwaka 1932 akitumia nta, na ambayo leo ina maduka yake katika mtaa wa vyombo vya jikoni wa Doguyasuji. Mifano hiyo ni mizuri kuliko chakula chenyewe, na kasoro yake moja ni kwamba hainukii. Lakini kabati la vioo la Ngamiani, pamoja na sambusa zake, lina harufu ya bizari na nzi wawili watatu wanaothibitisha kwamba kilichomo ni cha kweli.

Usiku, katika vilabu vya chakula vinavyoitwa izakaya, huletwa kibakuli ambacho mlaji hakukiagiza, kiitwacho tsukidashi kwa Kijapani cha Osaka, na bei yake huonekana kwenye hesabu ya mwisho. Mwandishi alipokiona kwa mara ya kwanza aliguswa sana, kwa kuwa tangu aondoke Tanga hakuwa amewekewa mbele yake chakula asichokiomba, na mtu pekee aliyekuwa akimfanyia hivyo, huku akimlaumu kwa kukonda, alikuwa shangazi. Bei ilipotokea alilipa. Hakulalamika, bali alihesabu kimoyomoyo vibakuli ambavyo shangazi angeweza kumdai tangu mwaka aliponyolewa nywele za kwanza, akaacha alipofika umri wa darasa la pili.

Mgahawa wa tambi ulipatikana hatimaye kwa kuwafuata madereva wawili wa teksi, wazee, waliovaa glavu nyeupe kama ilivyo desturi ya kazi yao, ambao walisimama kichochoroni, wakazivua glavu, wakazikunja mfukoni na kupita chini ya noren, pazia fupi linalotundikwa mlangoni kuashiria kwamba jiko linawaka. Mtu anayevua glavu kabla ya kuingia hajaribu bahati. Ni mahali pa kula kwa kusimama, habari ambayo isisomwe kwa sauti mbele ya shangazi, anayeshikilia kwamba anayekula wima anakula na shetani.

Aliyefafanua mambo ya vitufe alikuwa mwanafunzi aliyekuwa akila pembeni. Kiswahili hufundishwa Chuo Kikuu cha Osaka, na kijana huyo, aliposikia simu ya mwandishi ikijibiwa kwa Kitanga, aliweka vijiti vyake chini na kusema kwa Kiswahili sanifu kisicho na doa, "Samahani, ndugu, kitufe hicho si cha chakula, bali ni cha kuongezea wali." Mwandishi alimshukuru kwa Kiswahili kibovu zaidi. Ni kijana huyo pia aliyekumbusha kwamba serikali ya Japani hutoa tuzo kwa ajili ya Afrika yenye jina la Noguchi, na kwamba mmoja wa wawili walioipata mwanzo, mwaka 2008, alikuwa Miriam Were wa Kenya; hivyo mashine inayomng'ang'ania Noguchi na kumkataa mwalimu wake huenda inatuthamini kuliko inavyodhaniwa.

Tangu hapo mwandishi hula hapo kila Alhamisi. Chini ya rafu mpishi ana droo yenye noti za zamani, na akimwona mtu huyo mrefu akiinama chini ya noren huitoa moja mapema, huipokea mpya, na mwanafunzi hutumbukizwa mahali pa mwalimu. Alhamisi iliyopita mwandishi alifika akiwa ameifanyia mazoezi kwa wiki nzima, mbele ya kioo, sentensi kamili ya kuomba udon na si soba. Alikabidhi tikiti, akavuta pumzi. Mpishi hakuuliza, udon ilikuwa imekwisha kuingia kwenye maji.

"Hai," akasema mwandishi.