Jinsi ya Kufeli Mtihani wa Leseni ya Nyumba Texas

Anayetaka kufeli mtihani wa leseni ya kuuza nyumba Texas hahitaji bahati mbaya. Njia zipo, na zinafanya kazi. Anza na masomo. Tume ya jimbo inayosimamia mawakala, TREC, inamtaka kila mwombaji amalize saa 180 za darasa: kozi sita, kila moja saa 30. Wengi huzisoma kwenye intaneti. Basi fungua kozi ya sheria ya uwakala mezani, nenda jikoni ukakaange vitunguu, na kila dakika chache urudi ubofye kitufe cha kuendelea. Mwisho wa kozi utaufikia. Sheria yenyewe itabaki kwenye kompyuta.

Kisha tafuta rundo la maswali ya mazoezi uyakariri kwa herufi: hili ni B, lile ni D. Mtihani una maswali 125 ya kuchagua, 85 ya misingi ya nchi nzima na 40 ya sheria za Texas, na mtunzi akibadilisha muuzaji kuwa mnunuzi, ile B yako imekwisha.

Lakini njia ya uhakika kuliko zote ni kuingia chumba cha mtihani na akili ya udalali wa mtaani. Dalali tuliyemzoea Dar es Salaam huongea na mwenye nyumba upande huu, na mpangaji upande ule, kisha anachukua kodi ya mwezi mmoja na kuondoka. Hakuna anayemuuliza alikuwa wa nani. Mtihani wa Texas unauliza hilo kila kona. Chukua mfano huu. Muuzaji amekupa kazi ya kumuuzia nyumba, na amekunong'oneza kwamba kwa sababu ya talaka yuko tayari kushuka dola 15,000. Mnunuzi anayekuja ni mtoto wa shangazi yako, mmekula sahani moja tangu utotoni. Je, unamdokeza?

Moyo unasema damu nzito kuliko maji. Sheria inasema siri ya mteja haitoki, na wewe ni wakala wa muuzaji. Ukichagua jibu la moyo umefeli swali, na ukilifanya siku ya kazi umemwibia mtu aliyekuamini. Mimi naona hapa ndipo penye uzito wa mtihani wote. Nyumba ndiyo mali kubwa kuliko zote ambayo familia nyingi zitainunua maishani, na wakala ndiye anayejua siri zao: mshahara, deni, ndoa inayovunjika. Asiyeweza kufunga mdomo asipewe leseni.

Ukitaka kupoteza alama nyingine, dharau haki ya mke. Mume anakuja na hati yenye jina lake peke yake, anasema nyumba ni yake, mkataba atausaini mwenyewe. Ukimkubalia kwa kuwa umezoea mwanamume ndiye msemaji wa nyumba, umekosa. Texas inalinda makazi ya familia: ikiwa ndimo wanandoa wanamoishi, mume haiuzi bila mkewe kusaini, na mke vilevile haiuzi bila mumewe.

Halafu kuna mteja wa kwetu anayekuambia, "Ndugu yangu, nipeleke mtaa wenye watu wetu." Ni ombi la upendo, na wakala asiyesoma hulitimiza siku hiyo hiyo. Kumwelekeza mteja mtaa fulani kwa sababu ya asili ya wakazi wake ni kosa chini ya Sheria ya Haki ya Makazi ya 1968. Rais Lyndon Johnson, mwana wa Texas, aliisaini Aprili 11 mwaka huo, wiki moja baada ya Martin Luther King kuuawa Memphis. Familia nyingi za Weusi zilikuwa zimefungiwa nje ya mitaa mizuri kwa miongo mingi, na mawakala walihusika. Kwa hiyo muulize bei, vyumba na umbali wa kazini, umwonyeshe nyumba zinazolingana na hayo. Mtaa auchague mwenyewe. Mwafrika mwenye leseni ana sababu zaidi ya kuishika sheria hii kuliko mtu yeyote.

Hesabu usiziogope, ila ukitaka kufeli ziache hadi usiku wa mwisho. Tuseme kodi ya nyumba, ile ya serikali na si ya mpangaji, ni dola 7,300 kwa mwaka wa siku 365, yaani dola 20 kwa siku. Makabidhiano ni Aprili 11, na siku hiyo inahesabiwa ya mnunuzi. Tangu Januari 1 muuzaji amekaa siku 100, basi anamwachia mnunuzi dola 2,000 za kulipia kodi hiyo. Mwanafunzi wa darasa la saba anaiweza, mradi asikimbie swali.

Ukifuata njia hizi ukafeli mara tatu, TREC itakurudisha darasani kabla ya kukuruhusu tena. Usifike huko. Soma sheria ya uwakala mpaka uweze kumweleza mama yako kwa Kiswahili, ndipo uende. Na ukishafaulu, leseni haitumiki mpaka broka, yaani wakala mwenye leseni ya juu, akudhamini. Anza kumtafuta sasa, na kabla ya kumuuliza mgawanyo wa kamisheni, muulize nani atakaa nawe kwenye mikataba yako ya mwanzo.