Sifa za Slasha, Mwalimu wa Vifundo

Anayenunua slasha sokoni Rongo au Oyugis haombi afungiwe kwa karatasi ya zawadi. Ni bapa la chuma jembamba, limekunjwa ncha, limenolewa pande mbili, likatiwa mpini wa mti. Nyumbani hulala nje ya mlango wa jikoni pamoja na ndoo iliyotoboka. Shuleni hutajwa mara mbili tu: kwenye orodha ya vitu vya mwanafunzi mpya wa sekondari, kati ya godoro na karatasi za chooni, na asubuhi ambayo mwanafunzi amechelewa na adhabu yake ni kufyeka nyasi. Hicho ndicho chombo ninachokisifu, na anayetaka kucheka acheke sasa, maana nakusudia kukipeleka klabu ya gofu.

Waungwana wa Migori na Homa Bay wanaosafiri wikendi hadi Kisumu kucheza gofu katika uwanja wa Nyanza wana maradhi yale yale ya wacheza gofu wa dunia nzima: mpira huanza vizuri, kisha hupinda kulia na kupotelea vichakani. Chanzo kinajulikana. Uso wa fimbo umefika kwenye mpira ukiwa bado wazi, umeelekea kulia kuliko njia ya fimbo yenyewe, kwa sababu mikono haikuachia. Vifundo vimekazwa, na kigasha cha kulia hakikupinduka juu ya cha kushoto. Sasa, fimbo na mpira hugusana kwa takriban 1/2000 ya sekunde. Hakuna binadamu awezaye kukumbuka lolote ndani ya muda huo. Kwa hiyo mwalimu wa kulipwa husema, “Legeza mikono, mzee,” naye mzee huitikia, kisha hukaza zaidi ili alegee vizuri.

Slasha haisemi. Ukikaza mkono, bapa hupita juu ya nyasi na kuzilaza tu; ukigeuka, zimesimama tena, na mwalimu wa zamu anazitazama. Ukitumia nguvu za bega, kabla hujafika nusu ya uwanja malengelenge yameshaota. Ila ukiupeleka mkono nyuma bila pupa, ukauacha ushuke, kifundo kikakunjuka chenyewe na kiganja kikageuka kutazama chini bapa linapopita, nyasi hukatika bila kubishana nawe. Na sikiliza mlio. Slasha ya mtu aliyekaza hulia mapema, nyuma, karibu na sikio lake. Nguvu imeisha kabla ya kazi kuanza. Slasha iliyoachiwa hulia fyuu chini kabisa, pale nyasi zilipo. Walimu wa gofu hutafuta mlio huo huo kwa kuwaambia watu washike fimbo kichwa chini na kuipunga hewani. Mtoto wa Ndhiwa au Uriri aliyemaliza shule ya msingi ameshausikia mara nyingi kuliko wao, hasa baada ya mvua za masika, nyasi zinapofika magotini na adhabu zinapoongezeka kwa kasi isiyoelezeka.

Nina shahidi wa mbali. Harvey Penick, mwalimu wa gofu wa Austin, Texas, aliyewafundisha wachezaji Tom Kite na Ben Crenshaw, alichapisha kitabu kidogo mwaka 1992, na humo alikisifia sana kifaa cha kufyekea magugu kama zana ya kujifunzia kupiga mpira. Crenshaw alishinda mashindano ya Masters mwaka 1995, wiki ile ile aliyomzika mwalimu wake. Kifaa cha Penick kilikuwa cha mikono miwili. Slasha yetu ni ya mkono mmoja, na kwa hiyo ni kali zaidi: hakuna mkono wa pili wa kuficha makosa ya wa kwanza. Akimaliza wa kulia, mchezaji ahamishie kushoto, afyeke kwa kinyume, aone aibu mpya.

Wapinzani watasema slasha hurusha mawe na kuvunja vioo vya ofisi ya mwalimu mkuu. Hurusha. Watasema pia kwamba bapa huweza kuchomoka mpinini na kuruka. Ni kweli, na hapo tukubali kuwa kuachia kumezidi mpaka. Lakini hakuna aliyewahi kutozwa ada ya uanachama ili afyeke.

Napendekeza basi kila mwanachama afyeke nusu saa kabla ya kugusa fimbo, miguu ikiwa karibu karibu ili mwili usije kuisaidia mikono. Najua hawajazoea. Uwanja wa Nyanza unajulikana mbali kwa kanuni yake ya zamani: mpira ukisimama karibu na kiboko au mamba kiasi cha kuhatarisha maisha, mchezaji aliruhusiwa kudondosha mwingine mahali salama bila adhabu. Kanuni hiyo ilikuwa na busara, ila inaonyesha wazi kwamba ilitungwa na watu waliokuwa wakifyekewa.