Gari Lisilojijua

Mama mkwe amefika nyumbani kabla yangu. Amepanda basi la mwendokasi, amesimama njia nzima na magoti yake mabovu. Mimi niliyekwenda kumpokea stendi ya Magufuli kule Mbezi kwa gari la familia, tena lenye matairi manne mapya, nimemkuta sebuleni keshakunywa chai na keshasimulia. Shemeji zangu wana adabu: waliingia jikoni kwanza ndipo wakacheka.

Kilichomshusha ni taa. Tulipotoka tu stendi, ile taa ya njano kwenye dashibodi, yenye umbo la chungu kilichopasuliwa katikati na alama ya mshangao ndani yake, ilianza kupepesa. Nikamtoa hofu. Nikamweleza kwamba ikiwaka moja kwa moja, basi upepo umepungua; lakini ikipepesa dakika moja hivi ndipo itulie, matairi huenda hayana neno, ila gari halipati taarifa zake.

"Kwa hiyo tairi likiisha upepo sasa hivi, gari halitajua?"

"Halitajua, mama."

"Na wewe je?"

Sikuwa na jibu.

"Baba Neema, nishushe hapo Kimara."

Yote haya yalitengenezwa leo kwa fundi matairi. Yale ya zamani yalikuwa hayafai tena. Ubavuni yalisomeka 1416, yaani wiki ya 14 ya mwaka 2016, na Neema mwenyewe ni mdogo kuliko hayo. Nilimwambia fundi mapema: humu ndani kuna sensa za upepo, zimefungwa pale kwenye valvu, nenda nazo taratibu. Akaniambia kazi hii ameianza mimi sijamiliki hata baiskeli. Kisha akachomeka mtarimbo pale pale penye valvu, akauegemea na uzito wake wote. Kitu kikalia ka! ndani ya tairi. Akasikiliza kidogo, akaendelea.

Tairi lilipovuka ukingo wa rimu, akaingiza mkono na kutoa kidude cheusi cha plastiki kilichovunjika shingo. Akanikabidhi kwa mikono miwili. "Bosi, ona uchafu uliokuwa unatembea nao."

Gurudumu la pili ndilo lililoniuma zaidi, maana halikuvunjwa. Lilifanyiwa wema. Nilikwenda kupokea simu, niliporudi alikuwa ameshaifungua sensa nzima nzima, ameweka valvu ya mpira badala yake, na hakunitoza hata shilingi. Kwenye la tatu nilipiga kelele, mtarimbo ukateleza kwa mshtuko, ka! Kwa hiyo na hiyo nikaambiwa nimeivunja mimi. La nne lilipona kwa sababu adhana iliadhiniwa, fundi akaenda kuswali, na kijana wake ana mkono mwepesi.

Na huo uchafu, ndugu msomaji, ni kitu cha kustaajabisha. Kimekaa gizani ndani ya tairi, kikizungushwa, kikichemshwa na lami ya Morogoro Road, na humo humo kinapima upepo na joto na kutangaza kwa redio: magari ya Ulaya hutumia megahezi 433, ya Marekani na Japani kwa kawaida 315. Kila kimoja kina namba yake. Ukikwama kwenye foleni ya Tazara umezungukwa na matairi ya watu yanayotangaza, gari lako husikiliza manne yake tu. Gari likilala nacho hulala. Gurudumu likizunguka huamka. Yapo magari mengine yasiyo na kidude chochote ndani ya tairi: hutumia vipimo vya mwendo vya breki za ABS, kwa kuwa tairi lililopungua upepo hupungua kimo, likalazimika kuzunguka haraka zaidi ili lisiachwe na wenzake. Nani alikaa akaliwaza hilo?

Likawa jambo la lazima kwa sababu watu walikufa. Marekani, matairi ya Firestone yaliyofungwa kwenye Ford Explorer yalikuwa yakivuka ngozi barabarani na magari yakipinduka. Waliokufa walipita 200. Mwaka 2000 Bunge lao likatunga sheria, na kufikia Septemba 2007 kila gari dogo jipya lilitakiwa kumwambia dereva upepo ukishuka kwa robo. Ulaya wakafuata, tangu Novemba 2014 hakuna gari jipya la abiria linalouzwa kule bila mfumo huo. Betri ya kile kidude imezibwa humo humo, haibadilishwi, nayo huishi miaka mitano hadi kumi. Basi piga hesabu: gari linatumika Uingereza mpaka betri inakaribia kukata roho, ndipo linapakiwa melini kuja Dar.

Mama mkwe aliposhuka nikaanza kutafuta tiba. Kwenye maduka ya Gerezani niliuziwa sensa za 315, kwa gari lililotoka Uingereza. Kituo cha mafuta walinijazia upepo mpaka gari likawa linadunda.

Fundi umeme ndiye aliyeniharibia siku kabisa, na alikuwa mpole kuliko wote. Alitazama taa, akauliza: "Nikuzimie?" Hakusema nikutengenezee. Akanieleza kwamba ni kazi yake ya kila wiki, wenye yadi humletea magari kabla hayajaonyeshwa wateja. Taa ya injini, taa ya breki, hata ile ya mifuko ya hewa: huziunganisha na taa ya oili, ziwake pamoja, zizimike pamoja, mnunuzi afurahi. Nilidhani atashusha sauti akisema hilo. Hakushusha.

Tumempa mtoto wa nani gari la namna hiyo? Mtu anakopa, anapakia familia kwenda kuzika Singida, dashibodi imetulia, na utulivu wenyewe umelipiwa. Mama mkwe angalau alishuka kwa sababu kulikuwa na taa ya kumshusha.

Wewe unayekwenda yadi Jumamosi hii, kabla ya kuuliza bei, zungusha swichi bila kuwasha injini. Taa za tahadhari ziwake. Ya mifuko ya hewa inatakiwa izime yenyewe baada ya sekunde chache, huku ya oili bado inawaka. Zikisubiriana mpaka injini iwake ndipo zizimike kwa pamoja, mrudishie muuzaji ufunguo wake.