Masaibu ya Ritifaa katika Barua Pepe

Katika fedheha zinazomfika mwandishi wa Kiswahili siku hizi, iliyo chungu kuliko zote ni ile ya kuwatumia wajumbe wa kamati ya harusi barua pepe iliyohaririwa kwa makini, kisha kuarifiwa na mzee wa kamati kwamba familia ya bwana harusi imeahidi “ngâ€™ombe” wawili, na kuulizwa kwa upole kama hao ndio wanaoitwa ng'ombe wa kisasa. Kosa si la mwandishi wala si la ng'ombe, na ili kujua ni la nani hapana budi kuichunguza ritifaa, yaani ile alama ndogo inayofuata “ng” katika neno hilo.

Kiswahili cha herufi za Kilatini kina bahati ambayo Kifaransa na Kijerumani havina, kwani herufi zake zote, pamoja na ritifaa iliyonyooka, zimo katika ASCII, jedwali la alama 128 lililotangazwa Marekani mwaka 1963, ambalo kila alama yake hutoshea katika biti saba, biti ikiwa ni tarakimu moja ya kompyuta, sifuri au moja. Kanuni za usafirishaji wa barua pepe za mwaka 1982 ziliruhusu biti hizo saba tu, na ng'ombe angepita bila udhia. Balaa lilianza pale programu za kuandikia zilipoamua, bila kuombwa na mtu, kuipendezesha ritifaa kwa kuipinda, ilhali iliyopinda haimo katika jedwali hilo. Katika UTF-8, mfumo uliobuniwa na Ken Thompson na Rob Pike mwaka 1992, ritifaa iliyopinda huhitaji baiti tatu, yaani makundi matatu ya biti nane: E2, 80 na 99. Ili zipenye katika njia ya biti saba, kanuni za MIME, zilizotolewa mwaka huohuo, huruhusu kila baiti iandikwe kwa alama ya usawa na tarakimu mbili, ng'ombe akawa “ng=E2=80=99ombe”, na programu ya mpokeaji ndiyo inayotakiwa kumrudishia umbo lake.

Programu hiyo ikisahau, mpokeaji hupewa hesabu badala ya mifugo. Ikikumbuka, lakini ikakisia kwamba maandishi yanafuata jedwali la Windows-1252, ambamo baiti moja ni alama moja, baiti tatu husomwa kuwa alama tatu: â, alama ya euro na alama ya biashara. Barua hiyo ikijibiwa na kosa lilelile likarudiwa, alama tatu huwa nane, na mtafiti hawezi kuficha mshangao wake akimtazama ng'ombe anayenenepa kila anapojibiwa bila kula hata jani moja.

Saini ya kidijitali ina masaibu ya namna hiyohiyo. Saini hiyo si picha ya mwandiko, bali ni hesabu: programu hukokotoa muhtasari wa barua, yaani namba yenye urefu maalumu inayobadilika kabisa hata nukta moja ikihamishwa, kisha huutia saini kwa ufunguo wa siri wa mtumaji, naye mpokeaji huihakiki kwa ufunguo wa wazi unaolingana nao. Phil Zimmermann aliwapa watu wa kawaida uwezo huo alipotoa PGP mwaka 1991. Hata hivyo, ofisi nyingi zina seva inayobandika chini ya kila barua tangazo kwamba ofisi haitawajibika iwapo barua imebadilishwa njiani, na tangazo hilo likibandikwa baada ya saini kuwekwa, seva huwa ndiyo iliyoibadilisha barua njiani, saini ikavunjika, na mpokeaji akaonywa ajihadhari na matapeli. Manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Kuhusu “signature.asc”, kiambatisho kinachobeba saini hiyo, inatosha kusema kwamba wapokeaji wengi hukifuta wakikidhania kirusi.

Lisilochekesha ni hili. Katika DKIM, kiwango cha mwaka 2007, seva hutia saini kwa niaba ya kikoa, yaani jina linalofuata alama ya @, na kinachothibitishwa ni kikoa hicho, si ukweli wa yaliyoandikwa. Tapeli aliyenunua kikoa chake na kukipanga vizuri hupita akiwa amethibitishwa, ilhali barua ya mwalimu anayemwombea mwanafunzi nafasi ya masomo, kwa kuwa imeongezewa mistari miwili isiyo yake, yaweza kuishia katika barua taka. Kila programu katika mlolongo huu huamini kwamba imesaidia, na anayetakiwa kueleza, kuomba radhi na kutuma upya ni yule pekee ambaye hakubadilisha chochote.