Sifa za Glasi Isiyotaka Kuguswa

Mnazi una mashairi yake na jahazi lina nyimbo zake, lakini glasi ya mvinyo iliyopulizwa kwa mdomo haijapata wa kuisifu kwa moyo mweupe, ukiacha wauzaji, ambao sifa zao hukoma risiti ikishatoka. Lililo bora huanza hapo: usumbufu wake.

Kikombe cha bati kikianguka hubonyea, huokotwa, hurudishwa mezani, na hakuna anayekiheshimu. Glasi hii haikubali dharau ya namna hiyo. Ikianguka mara moja imekwisha, kwa hiyo kila anayeishika huchunga kiwiko chake, na hata mlevi wa ukoo hujikuta ameketi wima kama mtoto anayepigwa picha ya pasipoti.

Kazi ya kuwatia watu adabu imeianza zamani. Mwaka 1291 Jamhuri ya Venice iliamuru tanuri za kioo zihamishiwe kisiwa cha Murano, kwa hofu ya moto mjini. Baadaye mafundi wakakatazwa kuondoka na ufundi wao kwenda nchi za wengine. Humo kisiwani, katikati ya karne ya 15, Angelo Barovier akafanikiwa kutengeneza kioo angavu kisicho na rangi. Yaani glasi iliwafungia watu kisiwani kabla wao hawajaanza kuifungia kabatini.

Udhaifu wake nao si wa bahati mbaya. Hutengenezwa kwa gharama. Fundi huchota kioo kilichoyeyuka kwa bomba la chuma, kikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 1,000, akapuliza, akazungusha, akapuliza tena. Kisha chombo hupozwa polepole ndani ya tanuri jingine, kwani kikipoa haraka nje hutangulia ndani, na mvutano unaobaki humo siku moja hukipasua. Kampuni ya Lobmeyr ya Vienna, iliyoanzishwa mwaka 1823, bado huuza glasi za Patrician alizozibuni Josef Hoffmann mwaka 1917, zenye kioo cha unene wa takriban milimita moja. Juhudi zote hizo, ili mwenye nyumba aogope sinki lake mwenyewe.

Na ibada ya sinki ina masharti. Haifanywi usiku ule ule, mwenyeji akiwa bado amechangamka. Glasi huwekewa maji kidogo zikalala hadi asubuhi. Asubuhi pete huvuliwa. Taulo hutandikwa ndani ya sinki, bomba husogezwa pembeni lisije likagonga mdomo wa glasi, na maji huwa ya uvuguvugu, na tone la sabuni isiyo na manukato. Halafu inakuja hatua ya kufuta, na hapo ndipo glasi nyingi hukata roho. Mkono wa kushoto umeshika kitako, wa kulia umeingiza kitambaa tumboni na kukizungusha kwa bidii. Tumbo linakwenda huku, kitako kinakwenda kule, na shina, lililo katikati, linakatika: kak! Anayejua hulishika tumbo lenyewe kwa kitambaa, akalifuta bila kukigusa kitako. Ni heshima ya pekee kwa chombo kunusurika karamu nzima ya wageni wakorofi, kisha kikauawa na yule anayekipenda.

Wavivu hukimbilia mashine ya kuoshea vyombo. Maji yake ya moto na sabuni yake kali ya alikali hula uso wa kioo taratibu, hadi ukungu unaingia. Siki ndiyo hakimu: ukungu ukitoka, ilikuwa chokaa ya maji tu, usipotoka, kioo chenyewe kimeliwa, na hakuna dawa.

Hata kuiacha bila kuigusa si salama. George Ravenscroft, aliyepata hataza ya kioo chake huko Uingereza mwaka 1674, aliona baadhi ya kazi zake za mwanzo zikijaa mtandao wa nyufa ndogondogo kwa sababu ya kasoro katika mchanganyiko. Makumbusho hupima unyevu wa hewa kwa ajili ya vioo wagonjwa wa aina hiyo. Sufuria gani imewahi kupata huduma hiyo?

Desemba 2023, katika kikao kilichofanyika Kasane, Botswana, UNESCO iliuingiza ufundi wa kutengeneza kioo kwa mkono katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Waoshaji hawakutajwa.

UNESCO ingewasikiliza watu wa ukoo wa Musgrave wa Cumbria, Uingereza. Kwa vizazi vingi walitunza bilauri ya kioo ya karne ya 14, kazi ya Syria au Misri, yenye kasha lake la ngozi, kwa sababu ya imani kwamba ikivunjika, bahati ya nyumba yao ya Eden Hall itaondoka nayo. Hawakuivunja. Eden Hall yenyewe ilibomolewa mwaka 1934, na bilauri iko nzima katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London, ndani ya kabati la kioo ambalo nalo, bila shaka, lina mtu wa kulifuta.