Mlinzi Asiyelipwa

Mtaani kwetu kila nyumba inachanga shilingi 5,000 kwa mwezi kumlipa mlinzi wa usiku. Nalipa, sidaiwi. Ila nina lalamiko, na naliandika hapa kwa sababu mwenyekiti wetu ameshachoka kulisikia: mlinzi analala, anayelinda ni mimi.

Sisemi kwa kuambiwa. Saa nne usiku Babu, maana ndivyo tunavyomwita wote, anafika na rungu, tochi na koti la mvua alivaalo hata kiangazi. Anapuliza filimbi mara moja ili wezi wajue kazi imeanza. Saa sita anazunguka mpaka kwenye transfoma na kurudi. Saa saba anakaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mwembe, mkabala na dirisha langu, na haipiti nusu saa utamsikia. Hakoromi kwa kuibia. Anakoroma kama mtu asiyedaiwa na yeyote duniani.

Mimi niko ndani, chali, nahesabu misumari ya dari. Iko 46. Kwa miezi miwili nilikuwa nahesabu 47, mpaka mmoja ulipotembea ukadaka mbu.

Kinachoniuma ni kwamba usingizi ninao. Nalala kwenye daladala nimesimama, mkono mmoja bombani, napitilizwa vituo viwili. Nalala kwenye kikao cha idara mkuu anaposema “kwa kifupi”. Jumapili moja nililala kwenye kipaimara cha mtoto wa shemeji, nikaamshwa na vigelegele. Ni kitanda changu tu, cha mninga, sita kwa sita, nilichokopa ili nikinunue, ndicho kinachonikodolesha macho. Sebuleni nasinzia mbele ya taarifa ya habari mpaka rimoti inaanguka. Mama watoto akisema, “Baba, si ukalale tu?” basi ameharibu. Nikigusa mto, taa zote kichwani zinawaka kama kwenye ukumbi wa harusi.

Ilianza Januari, na asiyejua kwa nini ilianza Januari hana mtoto wa shule. Ada, sare, madaftari, mchango wa dawati, mchango wa mchango. Nilikuwa nalala saa tatu usiku ili niwahi kuisahau siku, halafu saa nane naamka kupiga hesabu. Hesabu za saa nane usiku zina tabia moja: hazijawahi kutoka sawa. Ada nilimaliza kulipa Machi. Nikangoja usingizi urudi kama mtu aliyesafiri kikazi. Aprili haukurudi, Juni haukurudi.

Ndipo ushauri ulipoanza kumiminika. Ukiwa na jipu watu watakupa pole; ukikosa usingizi kila mtu ni daktari. Shangazi yangu alisema nimechezewa, ila kwa tahadhari nioshe miguu kwa maji ya vuguvugu. Mwenzangu wa kazini alinipa vidonge vya mafua, vile vinavyolegeza. Nikalala kweli siku mbili, nikaamka mdomo umekauka kama nimekula unga, na siku ya tano vidonge vikawa vinanitazama tu nami navitazama. Jirani akanishauri bia mbili. Bia nazo ni matapeli. Zinakufikisha usingizini haraka, halafu saa tisa usiku zinakushusha njiani, kibofu kimejaa na moyo unakimbia.

Sijataja makelele. Nyuma yetu kuna uwanja, na kwenye uwanja kuna sherehe za kukesha, muziki mpaka alfajiri, hakuna anayelala mitaa mitatu. Waswahili kwa kejeli zao wakaziita kigodoro. Siku ambayo hakuna kigodoro, umeme unakatika, feni inasimama, na Februari ya Dar inakulalia kifuani. Mwili, nilikuja kuambiwa, hupoza joto lake la ndani karibu digrii moja ili usingizi ushike. Wangu utapozwa na nini? Dirisha nikilifungua anaingia mbu, nikilifunga naiva.

Mwezi wa nane wa mateso nikaenda kwa daktari. Kijana kabisa, rika la mwanangu wa kwanza. “Shikamoo mzee. Siku ngapi kwa wiki hulali?” Tano. “Kwa muda gani?” Nikamwambia. Akaandika. Akasema ukikosa usingizi siku zisizopungua tatu kwa wiki, kwa miezi mitatu au zaidi, huo sasa ni ugonjwa sugu, si uchovu wa kawaida. Sikatai, nilijisikia fahari kidogo. Kumbe nilikuwa nimepitiliza kiwango. Aliniuliza mengine pia: dawa ninazotumia, kama nina huzuni isiyoisha, kama mama watoto amewahi kusikia nakoroma halafu pumzi inakatika, maana hilo ni tatizo jingine na lina tiba yake. Nikamwambia anayekoroma yuko chini ya mwembe.

Halafu akaniuliza habari za kahawa.

Hapo nilijua tumekosana. Barazani kwetu jioni muuza kahawa hupita na birika lake la mkaa akigonganisha vikombe, na sisi wazee wa bao hatujawahi kumwacha apite. Vikombe vitatu na kashata. Nimekunywa hivyo tangu nikiwa kijana na nilikuwa nalala fofofo. Daktari hakubisha. Alinichorea tu kwenye karatasi. Tangu unapoamka, akasema, ubongo unajikusanyia kitu kinaitwa adenosini. Saa zikipita inajaa, na ndiyo inayokulegeza kope usiku. Kahawa haiondoi uchovu hata chembe. Kafeini inafanya kama yule abiria anayetupa begi dirishani kabla daladala halijasimama: inakalia siti za adenosini. Adenosini ipo, imebanwa mlangoni, ila haina pa kukaa. Na kwa mtu mzima, baada ya saa tano hivi, nusu ya kafeini bado imo garini. Kwa hiyo vikombe vyangu vitatu vya saa kumi na mbili jioni, saa tano usiku ni kama nimepanda kitandani na kikombe kimoja na nusu mkononi. Na miaka ikienda, akaongeza kwa adabu, usingizi wenyewe unakuwa mwepesi, hata kikombe ulichokizoea unaanza kukisikia. Alikuwa anatafuta namna ya kusema nimezeeka.

Niliomba vidonge. Akakataa, akasema vile vya kweli huzoeleka, na kwa usingizi sugu kinachoanza kutibiwa ni mazoea. Akanisimulia Mmarekani mmoja, Arthur Spielman, ambaye mwaka 1987 yeye na wenzake walieleza kwamba kuna kinachokuweka tayari kukosa usingizi, kinachouwasha moto, na kinachouchochea. Kinachokuweka tayari ninakijua: marehemu mama yangu alikuwa akisikia paka akikanyaga bati la jirani. Kilichowasha ni ada. Ada imelipwa, lakini mimi nimebaki na kuni mkononi: kulala saa tatu ili kufidia, kusinzia mchana, kahawa ya kujiamsha, kuangalia saa kila dakika kumi na kutoa hesabu, “nikilala sasa hivi nitapata saa tatu na nusu.” Moto unawaka na mchochezi ni mimi.

“Usiku unalala saa ngapi kwa kweli, mzee?” Tano na nusu. “Kitandani unakaa saa ngapi?” Tisa. “Basi kuanzia leo kaa sita. Ingia saa tano na nusu usiku, toka saa kumi na moja na nusu alfajiri, umelala hujalala. Usingizi ukishikana, tutakuongezea.”

Hebu fikiri. Unakwenda kwa mwajiri kulalamika mshahara hautoshi, anasema sawa, tuupunguze uone utakavyoutumia vizuri. Lakini Spielman huyo huyo ndiye aliyeiweka dawa hiyo, na nikiri kwamba wiki ya kwanza nilichoka nikamwita mkuu wangu wa idara “mama”, wiki ya tatu nikaanza kupata usingizi wa kipande kimoja. Kipande kidogo, ila kimoja.

Sharti la pili ni la mtu mwingine, Richard Bootzin, la mwaka 1972, nalo lilinitoa nje kabisa. Kitanda ni cha kulala. Si cha simu, si cha hesabu, si cha kugombania kodi na mama watoto. Ukiona kama dakika ishirini zimepita hujalala, ondoka, nenda ukakae mahali penye mwanga hafifu, urudi usingizi ukikulemea. Na dakika hizo ishirini uzikisie, kwa maana saa ya ukutani nayo imepigwa marufuku. Lengo ni kitanda kisahau uadui.

Sasa nyumba yetu ina vyumba vitatu na watoto wanne na mdogo wa mama watoto, na sebuleni analala mpwa wangu aliyekuja kwa wiki mbili mwaka jana. Nikaenda wapi? Nikafungua mlango, nikavuta kigoda, nikaenda kukaa chini ya mwembe.

Babu alishtuka, akapuliza filimbi. Kisha akanitambua.

“Shikamoo, Babu.”

“Marahaba, baba. Umeibiwa?”

“Sijaibiwa. Silali.”

Akanitazama kwa huruma ya mtu aliyetoka kulala sasa hivi.

Tukawa tunakutana. Nilimweleza habari niliyoisoma usiku mmoja kwenye simu, kabla simu haijapigwa marufuku nayo, maana mwanga wake unaudanganya ubongo kuwa bado ni mchana. Watafiti waliwavalisha Wahadzabe wa kule Ziwa Eyasi, watu wazima 33, vifaa vya kupimia usingizi kwa siku 20 hivi. Matokeo yakatoka mwaka 2017. Kwa siku zote hizo, muda ambao wote 33 walikuwa wamelala kwa pamoja ulikuwa dakika 18 tu. Hawakupangiana zamu. Wazee walilala mapema wakaamka mapema, vijana wakachelewa, huyu akajigeuza, yule akatoka kukojoa, na kambi ikawa na macho usiku kucha. Miaka miwili kabla yake watafiti wengine walipima hao Wahadzabe, Wasan wa Namibia na Watsimane wa Bolivia, wakakuta wanalala kati ya saa 5.7 na 7.1, tena si pamoja na kuku kama shangazi anavyodai, bali saa tatu hivi baada ya jua kuzama. Na wanaolalamika kukosa usingizi ni wachache mno, hata Wasan na Watsimane hawana neno lake. Sisi Waswahili tuna mang'amung'amu, tuna lepe, tuna kukesha, kila kitu isipokuwa chenyewe.

“Kwa hiyo,” nikamwambia Babu, “kwa mujibu wa utafiti, mimi ndiye mlinzi wa kambi.”

Babu akafikiri. “Hao Wahadzabe,” akauliza, “yule anayekesha wanamlipa?”

Nikamuuliza na yeye siri yake. Akasema hana siri. “Mimi mchana nyumbani mke wangu ananiambia lala, usiku una kazi. Baba, silali ng'o. Nageuka huku, nageuka kule. Nikifika hapa nikakumbuka nimekatazwa kulala, macho yanafumba yenyewe.”

Nilikaa kimya. Nilikuwa nimelipa hela ya kumwona daktari, na katika karatasi alizonipa kulikuwa na habari za Viktor Frankl, daktari wa akili wa Vienna, ambaye dawa yake kwa mtu wa aina yangu ilikuwa hiyo hiyo: asijaribu kulala, ajaribu kukesha. Usingizi ukikimbizwa unakimbia. Babu hakuwahi kumsikia Frankl, na kamati yetu imekuwa ikimtibu bila kujua, kwa shilingi 5,000 kila nyumba.

Usiku wa Alhamisi iliyopita Babu alisimama, akajinyoosha. “Baba, nishikie rungu nikajisaidie. Lakini usilale, tafadhali. Juzi kuku wa nyumba ya kona wamepungua.”

Nikashika rungu. Nikakaa kwenye kiti chake cha plastiki, ambacho, niseme ukweli, kina mahali pa kichwa palipochongeka vizuri kwenye shina la mwembe. Usilale, nikajiambia. Wewe sasa ndiye mlinzi. Upepo ulikuwa umeanza. Nikaangalia barabara kushoto, nikaangalia kulia.

Kilichofuata ni tochi usoni. Mbingu nyeupe, adhana imeshaisha, mwenyekiti amesimama mbele yangu na kanzu yake akitoka msikitini. Udenda ulikuwa umenifika kidevuni. Kando ya mwenyekiti, wima kama nguzo ya umeme, koti limefungwa vifungo vyote, alisimama Babu.

“Nimemkuta hivi hivi, mwenyekiti,” alisema. “Nikaona nisimwamshe.”

Mwenyekiti alinitazama, akalitazama rungu mapajani mwangu, akatikisa kichwa. Halafu akauliza kama mchango wa mwezi huu nimeshautoa.